Rejista ya alfajiri: uchambuzi wa kisa cha utani wa majina katika kiwanda cha mikate, Nakuru

Kabla ya kuanza

Majina yote yaliyomo humu si ya wahusika wenyewe. Ilinibidi nitafute majina mengine yanayovuta mzaha wa aina ileile, maana kisa cha utani wa majina hakisimuliki bila majina. Ukubwa wa kiwanda, mitaa na baadhi ya mambo ya kifamilia nimeyageuza ili mtu asitambulike. Jambo moja nimelificha kabisa: kabila la msimamizi. Msomaji wa Kenya akishalijua, ataacha kusoma kisa na kuanza kusoma kabila, na tatizo tulilokuta pale lingeweza kuletwa na mtu wa jamii yoyote.

Mahali na watu

Kiwanda kinaoka mikate na keki ndogo, kinauza Nakuru mjini na kusambaza hadi Njoro, Molo na Gilgil. Kina wafanyakazi kama hamsini. Wachache wana barua za ajira; wengi ni vibarua wanaohesabiwa siku zao na kulipwa mwisho wa mwezi. Nakuru ni mji uliokua na reli na mashamba makubwa, kwa hiyo ukisimama kwenye geti la kiwanda chochote utasikia Kenya nzima. Hapa pia: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana, Wakamba. Mwenye kiwanda ni mama mmoja aliyeanza na tanuri moja la kuni. Wafanyakazi humwita Mama tu.

Msimamizi wa zamu nitamwita Kapteni. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mchapakazi, anayejua kwa kugusa tu kama unga umeumuka vya kutosha. Hakuna aliyewahi kunilalamikia kuhusu kazi yake. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma rejista kila alfajiri saa kumi na moja na nusu, pale getini, wakati zamu ya usiku inatoka na ya mchana inaingia. Hivyo kila jina lilisikika na watu wote, waliochoka na waliotoka usingizini.

Kwa kila jina Kapteni alikuwa na neno lake, mara nyingi lililotokana na yale watu husema kuhusu kabila la mwenye jina. "Kiprop, kimbia ukalete trei, medali iko mbele." "Kamau yupo? Basi hesabuni kreti upya." "Moraa, leo usinitazame sana, nina watoto wadogo." "Wanjala, umeshiba au tukungoje?" Na kwa Achieng', karani wa stoo mwenye jina la Kijaluo: "Achieng', leo umekuja na ndege ama na matatu?" Hakujisaza mwenyewe, alipofika kwenye jina lake alijichekesha pia. Watu walicheka, rejista ikafungwa, kazi ikaanza. Ilikwenda hivyo miaka mingi, na wengi walioniambia habari zake walianza kwa kusema kwamba ilikuwa ni mchezo wa kawaida.

Yaliyotokea

Mwanzoni mwa 2022 kampeni zilipopamba moto, maneno yalianza kubadilika. Utani wa ndege na matatu ukaachwa. Achieng' sasa aliulizwa, "Umeshafunga mizigo?" Mtu asiyeishi Bonde la Ufa anaweza asisikie uzito wake. Uchaguzi mkuu unapokaribia, familia nyingi zinazoishi nje ya maeneo ya asili yao hufunga mizigo kweli, watoto wakapelekwa kwa nyanya, vitu vya thamani vikahamishwa kwa rafiki, hadi kura ihesabiwe na hali ijulikane. Kumuuliza mtu swali hilo mbele ya watu hamsini, eti kwa kicheko, ni kumwambia kwamba hapa si kwake na kwamba wote waliopo wanajua.

Asubuhi moja ya Aprili Kapteni hakusoma jina lake. Alisema, "Yule wa kufunga mizigo." Watu wakacheka. Achieng' hakuitika. Kapteni akarudia, akangoja kidogo, kisha akaandika kwamba hakuja. Achieng' alikuwa amesimama hatua chache mbele yake. Aliingia stoo, akapokea unga, akatoa sukari, akafanya kazi siku nzima.

Mwisho wa mwezi malipo yake yalipungua siku moja. Aliandika barua ofisini kudai siku hiyo. Nimeisoma. Haina neno hata moja kuhusu utani. Ni tarehe, zamu, na orodha ya bidhaa alizotoa stoo siku hiyo kama ushahidi kwamba alikuwepo.

Mwezi wa Mei likaja la Wanjala, kijana wa kupakia mikate. Kundi la WhatsApp la kiwanda ndimo ratiba za zamu zilimotangazwa. Mfanyakazi mmoja kijana alitengeneza stika yenye picha ya Wanjala na mlima wa ugali, na maneno ya njaa chini yake. Ilizunguka. Kila chakula cha mchana ilitumwa tena, na siku moja Kapteni mwenyewe aliijibu kwa vikaragosi vya kicheko. Wanjala akajitoa kwenye kundi. Wiki iliyofuata zamu zikabadilishwa, yeye hakupata habari, akakosa kazi usiku mmoja, akapewa barua ya onyo.

Siku tatu baada ya onyo, yule aliyetengeneza stika alimpita karibu na tanuri akamuuliza kama ugali wa barua umetosha. Wakashikana. Trei ya mikate iliyotoka kuokwa ikaanguka na kumchoma mkono mwanamke aliyekuwa akipita, ambaye hakuhusika kwa lolote.

Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Mama alipopata barua ya Achieng' aliangalia daftari la stoo, akaona kweli alikuwepo, akaamuru alipwe. Alifanya haki katika lile aliloulizwa. Hakuuliza ilikuwaje karani aliyekuwa mbele ya msimamizi akaandikwa kuwa hakuja, kwa sababu barua ilikuja kama hesabu ya mshahara naye akaishughulikia kama hesabu ya mshahara. Kadhalika la Wanjala lilifika ofisini kama utoro, likapata adhabu ya utoro.

Baada ya mtu kuungua ndipo alipoanza kuulizauliza, na jambo likatoka lote. Mama alishtuka kwa dhati. Aliwakusanya wafanyakazi uani na kumtaka Kapteni aombe msamaha hadharani. Alitaka jambo lililofanyika mbele ya watu limalizwe mbele ya watu, na wazo lenyewe lina mantiki. Kapteni alisimama akasema kwamba kama kuna mtu aliyemkosea, basi amsamehe. Akaongeza kwamba hakujua kuna watu wasioweza utani. Macho yote yakamgeukia Achieng'. Aliniambia kwamba dakika ile ilimuuma kuliko miezi yote ya nyuma, maana kabla yake alikuwa mtu anayetaniwa, na baada yake akawa mtu aliyemshtaki mzee.

Uamuzi wa tatu ulibandikwa ukutani: kuanzia sasa rejista itasomwa kwa jina la Kikristo peke yake. Mama alidhani ameondoa kuni motoni. Lakini tangazo lilimsahau kabisa Mwislamu mmoja wa zamu ya usiku, ambaye alibaki hajui aitwe nani. Isitoshe kiwanda kilikuwa na akina John wanne. Ndani ya siku chache, ili kuwatofautisha, watu wakaanza kusema John Mluhya, John Mkale, John Mkikuyu. Kabila ambalo zamani lilijificha ndani ya jina sasa likawa ndilo jina. Achieng' aliposoma tangazo alikwenda kwa Moraa, rafiki yake, akamwambia: "Kwa hiyo mwenye makosa lilikuwa jina langu."

Nilivyoingia, na nilichosikia

Mama aliniita Julai, zikiwa zimebaki wiki chache kufika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti. Kazi yangu ni usuluhishi wa migogoro ya kazini. Niliomba mambo mawili kabla ya kuanza: tangazo liondolewe ukutani, na mazungumzo yafanyike nje ya kiwanda, mtu mmoja mmoja, katika saa za kazi zinazolipwa. La pili lilimgharimu Mama pesa na alikubali. Kibarua akiambiwa aje kueleza shida yake kwa muda wake mwenyewe, atakwambia hana shida.

Wanjala alikuja akiwa na hasira ya stika, lakini tulipokaa alizungumzia zaidi babu yake. Kwa Wabukusu, Wanjala ni jina la aliyezaliwa wakati wa njaa, na majina pia hurithiwa kutoka kwa waliotangulia. Babu alizaliwa mwaka mbaya. Ndugu zake wawili hawakuupita. Yeye aliupita, akaoa, akazaa, akajenga. Alipofariki, mjukuu aliyezaliwa baadaye akapewa jina. "Nyumbani wakiniita, nyanya hunitazama kama anamwona mzee," alisema. "Hapa wakiniita, wananitazama tumbo."

Nikamuuliza kama yeye ni mtu asiyependa utani. Akacheka. Akaniambia habari za bakoki, wenzake waliotahiriwa naye mwaka mmoja. Kati yao hakuna neno lisilosemeka. Wanamwita majina ambayo hangeweza kuyarudia mbele yangu. "Lakini mimi pia nawaita. Kapteni nikimrudishia, kesho sina zamu."

Achieng' alichukua muda mrefu kufika kwenye jambo lenyewe. Mwishoni mwa Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru, alikuwa darasa la tatu. Baba yake alisimamishwa njiani na vijana wenye mapanga akitoka kazini, wakataka kitambulisho. Hakuwa nacho, alikuwa amekiacha kwenye koti kazini. Wakamuuliza jina, naye akataja la jirani yake. Akapita. Familia ililala siku kadhaa uwanjani pamoja na wakimbizi wengine kabla ya kupata basi la kwenda Kisumu. Walirudi Nakuru baada ya miaka miwili, kwa kuwa kazi ya baba ilikuwa huku. Tangu hapo baba aliwafundisha watoto wake kwamba kwenye foleni, kwenye gari, kwa mwenye nyumba, wajitambulishe kwa jina la ubatizo na kunyamaza. Achieng' alikua hivyo. Alipoajiriwa kiwandani ndipo alipoamua, kwa mara ya kwanza kazini, kuandikisha Achieng'.

Kapteni nilimfanya wa mwisho. Alikuja amevaa koti, akiwa na hakika kwamba nimeletwa kumfukuzisha kazi. Alisema yale niliyotarajia: anawatania wote, hata yeye mwenyewe, wenyewe walikuwa wakicheka, hana chuki na mtu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Kiwanda kilipofunguliwa tena baada ya fujo za 2008, nusu ya majina kwenye rejista hayakuitikiwa. Waliokuwepo walikuwa hawasemezani. Watu walioka usiku kucha bega kwa bega pasipo neno. Yeye ndiye aliyeanza kujichekesha kwa jina lake mwenyewe pale getini, kisha akamtania rafiki yake wa siku nyingi wa jamii nyingine, naye akamjibu, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza. "Niliogopa ule ukimya," alisema. Namwamini. Nimezungumza na wazee wawili waliokuwepo, na wote wawili waliukumbuka utani ule wa kwanza kwa shukrani.

Kikao

Niliwapa Achieng' na Wanjala njia tatu: kuniachia mimi nifikishe maneno yao, kuandika, au kukaa na Kapteni. Wanjala alitaka nimfikishie. Achieng' alitaka kukaa naye, kwa sharti kwamba Moraa awepo na Mama asiwepo. Alisema Mama akiwepo, Kapteni atamjibu Mama.

Kanuni ilikuwa moja tu: Achieng' aseme hadi amalize, bila kukatizwa. Alisimulia habari za baba yake na kitambulisho. Kisha akasema, "Mzee, wewe ulinifuta. Nilikuwa nimesimama mbele yako ukaandika sipo."

Kapteni alikaa kimya kwa muda mrefu. Alipoanza kuzungumza hakurudi tena kwenye suala la nani anaweza utani na nani hawezi. Alisema: "Binti yangu, siku ile nilikuona. Nilikuandika hukuja nikijua umekuja. Hilo halikuwa mchezo, ilikuwa hasira kwa sababu hukunijibu. Nisamehe hilo." Achieng' akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumsukuma. Moraa, aliyekuja kama shahidi, hapo ndipo alipofungua mdomo na kusema la kwake. Yeye anatoka Kisii, ambako Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa huko Marani kwa kusingiziwa uchawi. Kila mara Kapteni alipomwambia asimtazame sana, alicheka, kisha akaenda nyumbani akimfikiria mama yake anayezeeka kijijini. Kapteni alikuwa hajawahi hata kumhesabu Moraa kati ya walioumia.

Matokeo

Barua ya onyo ya Wanjala ilifutwa na usiku aliokosa ukalipwa. Ratiba za zamu zikabandikwa ubaoni, na kundi la WhatsApp la ratiba likafungwa, akawa anaandika msimamizi na ofisi tu. Gharama za matibabu za yule aliyeungua zikalipwa na kiwanda. Kapteni alibaki kazini. Kwa hiari yake alimpitia kila mfanyakazi na rejista mkononi akimuuliza angependa aitwe nani, na akaandika alichoambiwa. Wengi walichagua majina ya nyumbani. Kiprop alibaki Kiprop. Mmoja wa akina John alichagua jina la utani alilopewa na wenzake wa mpira, na hilo ndilo linasomwa mpaka leo.

Wiki ya uchaguzi kiwanda kilifungwa kwa siku chache. Baadhi ya watu walisafiri, wengine wakabaki, wote wakarudi. Achieng' hakusafiri. Mwaka uliofuata alipata kazi yenye mshahara mzuri zaidi akaondoka kwa amani. Aliponiaga alitaja mshahara tu, na sitamtilia maneno mdomoni. Wanjala bado yupo na sasa anaendesha mashine ya kukata mikate.

Kijana wa stika hakushughulikiwa na mtu yeyote. Aliacha kazi mwenyewe kabla sijaonana naye, na nilisikia tu kwamba ameingia kwenye kazi ya magari.

Uchambuzi

Hoja ya Kapteni kwamba "ninawatania wote" ndiyo hoja ninayokutana nayo mara nyingi zaidi katika kazi hii, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Ni kweli aligawa maneno sawasawa. Lakini majina hayakuwa yamepita njia moja kufika pale getini. Mwaka 2008, Tume ya Waki, iliyochunguza fujo za baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133 nchini, na katika Nakuru na Naivasha watu walisimamishwa barabarani wakatakiwa vitambulisho, na jina lililoandikwa pale likaamua nani apite. Kabla ya hapo kulikuwa na mapigano ya 1992 na ya 1998 katika maeneo ya Molo na Njoro. Kiprop aliniambia kwamba utani wa kukimbia ulimchosha tu. Achieng' ulimrudisha mahali ambapo baba yake alipona kwa kulikana jina. Kamau alikuwa na yake: alisema utani wa kreti haukumsumbua hadi siku mikate ilipopotea kweli, watu wakaanza kumtazama yeye kabla ya kutazama hesabu. Neno ni lilelile, mtaniaji ni yuleyule, lakini anayelipokea ndiye anayejua linamgusa wapi.

Hoja ya pili, kwamba "wenyewe walikuwa wakicheka," inasahau saa na mahali. Ni alfajiri, getini, na anayetania ndiye anayeandika siku yako ya kazi. Kibarua asiyecheka anahatarisha chakula cha watoto. Achieng' alithubutu kutoitika mara moja tu, na siku yake ikafutwa. Kwa hiyo kicheko cha miaka yote hakikuthibitisha ridhaa ya mtu yeyote. Wanjala aliliweka vizuri kuliko ningeweza mimi alipotofautisha bakoki na Kapteni. Utani wa watani, wa marika, wa babu na wajukuu, una masharti ambayo kila mzee anayajua: pande zote mbili zina ruhusa, na anayerusha anakubali kurushiwa. Utani wa Kapteni na rafiki yake mwaka 2008 ulitimiza masharti hayo, na ndiyo maana uliponya. Baadaye ulishuka kutoka kwa rafiki hadi kwa vijana aliowasimamia, ambao hawakuwa na ruhusa ya kujibu, na hakuna aliyetambua ulivuka mpaka lini.

Sheria nayo ina la kusema, ingawa hatukuifikia. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinahusu unyanyasaji kwa misingi ya kabila, na hakitazami nia peke yake. Kinatazama pia matokeo, yaani kama heshima ya mtu imevunjwa au kama amewekewa mazingira ya vitisho na ya kumdhalilisha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua au kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu ya kabila. Nilimweleza Mama haya mapema, nikamweleza na Achieng' kwamba mlango wa NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa, uko wazi kwake. Alichagua kikao. Kama angechagua mlango ule, ningemsindikiza.

Kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, kwa maoni yangu, ni lile tangazo la majina ya Kikristo, na nalisema hivi nikijua Mama aliliandika kwa nia njema. Liliwaambia walioumizwa kwamba ili wapate amani waache majina yao nje ya geti. Baba yake Achieng' alikuwa tayari amelipa gharama hiyo kwa miaka. Kiwanda kikamtaka binti yake ailipe tena. Mtu akipigwa jiwe usoni, hatumwambii afiche uso. Shule na ofisi nyingi hufanya vivyo hivyo, zikiandika kwenye orodha majina ya ubatizo pekee na kuita huko kudumisha umoja, na watoto wanajifunza kwamba jina la nyanya ni la kuonea aibu.

Msamaha wa uani ulishindwa kwa sababu ulianza na "kama." Ule wa kikaoni ulifaa kwa kuwa Kapteni alitaja tendo lenyewe, siku yenyewe na sababu yenyewe, hata ile isiyomfaa. Pia hakukuwa na watu wa kumtetea kwa kicheko. Faragha ilimlinda yeye kadiri ilivyomlinda Achieng', na mtu wa umri wake asingesema maneno yale mbele ya vijana hamsini.

Jambo moja katika mwenendo wa kiwanda linapaswa kuangaliwa na kila mwajiri anayesoma hapa. Malalamiko mawili yalifika ofisini mapema, lakini yote yalivaa nguo nyingine: moja la siku iliyokatwa, jingine la utoro. Nilipozipitia karatasi zote mbili pamoja, jina la msimamizi lilikuwa lilelile na wiki zilikuwa zinakaribiana. Swali moja, "ilikuwaje?", lililoulizwa mwezi wa Aprili, lingeuokoa mkono wa yule mwanamke aliyeungua.

Yasiyokwisha yapo. Madereva wa magari ya kusambaza hawasomewi rejista, na huko barabarani utani wa "Umeshafunga mizigo?" uliendelea hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake kuhusu kesi ya uchaguzi wa urais tarehe 5 Septemba, ukapoa wenyewe. Nilipendekeza madereva wawe na kikao chao, hakijafanyika. Nilipendekeza pia kanuni kuhusu dhihaka za kikabila iingizwe katika masharti ya kazi, na Mama aliiingiza katika barua za ajira za mwaka uliofuata. Vibarua hawana barua za ajira, nao ndio wengi na ndio waliotaniwa zaidi. Nimemwomba kanuni hiyo isomwe getini kwa sauti na kubandikwa karibu na ratiba, ili iwahusu na wao. Amesema atafanya hivyo kabla ya kampeni za 2027 kuanza.